Maji kwenye Petroli ya Baba

Jumatatu, 10 Novemba

Injini imezima tena katikati ya ziwa. Mara ya pili tangu mvua zianze. Abiria wanne, mikungu ya ndizi hadi miguuni. Nimevuta kamba mpaka kiganja kimechubuka. Ikakohoa, ikawaka kidogo, ikafa. Tumepiga kasia hadi ng'ambo. Mama mmoja wa Rugu alisali rozari kwa sauti njia nzima, kana kwamba shetani aliyeizima ni mimi.

Nyumbani Baba kasema injini imezeeka kama yeye. Kaka Deusi hakungoja hata nivue buti. Anamjua mtu wa Kyerwa anayenunua injini mbovu, atakuja Jumamosi. Baba amekubali. Hakuna aliyeniuliza, na mimi ndiye ninayeiendesha tangu macho ya Baba yaharibike. Ikiuzwa, narudi kupalilia kahawa ya Deusi. Sitaki. Haiuzwi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimetoa plagi, nimeisafisha, nimeijaribu. Cheche ipo. Basi haijafa, kuna kitu kinaisumbua.

Deusi kapita na bodaboda yake, kauliza kama nampasua marehemu. Nimemwambia abiria wake wanamsubiri Ihanda.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimelegeza skrubu ndogo chini ya kabureta, nikakinga kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa ili nione vizuri. Petroli yetu tumeichanganya na oili, ina rangi. Nikaiweka chupa juu ya jiwe itulie. Chini kukajikusanya kitu cheupe, kimeviringika kama gololi. Nikiinamisha chupa kinateleza peke yake, hakichanganyiki.

Maji.

Nikakinga na ya chini ya tangi. Humo ndiyo balaa, vidole viwili vizima. Nimecheka peke yangu pale ufukweni, wachota maji wakanitazama.

Yameingilia wapi? Tangi la botini lina mfuniko wake, unakaza vizuri. Sijalala mchana, nawaza hilo tu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimejua.

Dumu la petroli linakaa nje, ukutani, kwa sababu Mama hataki harufu ndani. Kifuniko chake kilipotea zamani. Baba huliziba kwa ndizi mbichi, anaikata kichwa na kuigandamiza mdomoni, kama tunavyoziba madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wote hapa tunafanya hivyo. Kwa rubisi hakuna neno, inanyweka kabla ndizi haijanyauka. Petroli inakaa. Ndizi inasinyaa, inaacha upenyo. Maji ya bati yanadondokea juu ya dumu, yanatuama pale kwenye shingo, yanazama taratibu. Nimesimama kwenye mvua nikiyatazama yakizama. Hasira hadi meno yanauma.

Shida ni Baba. Dumu ni lake. Analijaza, analiziba, hamwachii mtu. Ndiyo kazi ya boti aliyobaki nayo.

Mama ameniomba niseme muuza petroli ndiye aliyeichakachua. "Waitu mwanangu, mwachie baba yako heshima yake." Nimekataa. Nikimsingizia mtu wa watu, Baba ataziba tena kwa ndizi, injini itazima tena, na safari hii pengine upepo utakuwa mkali. Naogopa kumwambia. Nitamwambia.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwaga petroli yote ya tangini. Nimelikausha juani, nimesafisha chujio, nimepuliza mpira wa petroli hadi mdomo umenuka. Petroli mpya nimeijaribu kwanza kwenye chupa. Nimengoja. Safi. Kamba mara tatu, ikawaka! Imenguruma bila kusita hadi nikaizima mwenyewe.

Jioni nimempigia Baba magoti, shikamoo, kama siku zote. Kisha nikainuka, nikampa chupa yenye maji. Nikamwambia yameingilia kwenye ndizi unayozibia, Baba. Deusi karuka, ati sina adabu. Nimemjibu adabu nimeshaitoa nikiwa magotini, sasa naongea habari ya injini.

Baba kaipokea. Kaisogeza chupa kwenye jicho lenye nafuu, kaitikisa, kangoja itulie. Kaitikisa tena. Akaingia ndani bila kula. Nimemuumiza, najua. Siombi msamaha.

Jumamosi, 15 Novemba

Mnunuzi kaja na bajaji ya mizigo. Nilikuwa nimeshakaa juu ya injini, nimeapa wataibeba pamoja na mimi. Haikufika huko. Baba katoka na fimbo yake, kamsalimia mgeni, kampa pole ya safari, kamwambia hapa hakuna injini mbovu.

Mgeni kanuna. Deusi kanuna zaidi. Wamekunywa chai kama watu wa msibani. Mama alikuwa anajizuia kucheka.

Kwangu Baba hajasema lolote. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani asubuhi. Mvua haijanyesha.

Mchana Baba kataka nimpeleke ziwani. Nikamshika mkono apande botini, akautoa. Kiti chake ni cha nyuma, penye injini. Hata macho yalipoharibika alikaa hapo hapo, ubavuni kwangu, akinielekeza kila kitu.

Leo hakwenda nyuma. Amepapasa ubao wa mbele, wanapokaa abiria, akakaa, akanipa mgongo. Akaweka fimbo miguuni.

Akasema, twende.