Dada Yangu Amehamia Mahameni kwa Ajili ya Mdomo Wangu

Mpendwa Mshauri Bi Sabaha,

Huenda jina langu limeshafika huko mjini, maana mbunge wetu mpya nilimpitisha mimi, kwa mdomo huu, bila kipaza sauti, na shule niliishia darasa la tatu kwa kuwa walimu walikuwa hawana tena cha kunifundisha. Leo nakuandikia, nisaidie.

Wagombea walikuwa wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, na mimi nilimtaka wa nyumba, basi sikuhutubia mahali popote, nilikuwa nazungumza tu, kila mtu kwa ugonjwa wake, nikimkuta Nyangwine joshoni anaogesha ng'ombe namuuliza habari za malisho, akishalalamika nasema polepole, "Na hilo jembe likishinda litalima mpaka pale wanapolala ng'ombe wako," nikifika kwa Mzee Maftah, fundi cherehani wa Tarime, namwamkia shikamoo, namwambia mwenye nyumba ndiye mwenye mlango na mwenye mlango ndiye mwenye duka, mzee anaitikia kwa kichwa, nasonga mbele, waliogeuka ni mia tatu, labda mia nne, hata kabla ugali wao haujapoa.

Sasa dada yangu mkubwa, Mokami, ni mjane, mwaka jana tulipohamishiwa wote kijiji cha ujamaa aliacha boma lake mlimani na kaburi la mumewe, na habari za kaburi hilo hajawahi kuzinyamazia, nami nikamwambia, "Dada, chagua nyumba. Nyumba ikishinda kila mtu atarudi kwake."

Nyumba ikashinda. Juzi napita kwake nakuta uwanja mtupu, nguzo zimeng'olewa, mashimo yamejaa maji, nikakimbia mlimani, nikamkuta mahameni, palipokuwa boma lake, amekalia nguzo zake, mafiga matatu ameyapanga kando ya kaburi, mvua inanyesha, anapika. Nikasema, dada, umefanya nini. Akacheka.

"Mura, mdogo wangu, si wewe ulisema? Mimi nimetangulia tu. Nenda kwa rafiki yako mbunge akuandikie karatasi, balozi asinisumbue."

Nikashuka mlimani peke yangu. Balozi wa nyumba kumi ameshasema asiporudi kufikia Jumamosi kiwanja chake anapewa mtu mwingine, na dada hasikii la mtu, anasubiri karatasi, na mimi kwa mbunge siwezi kwenda, kwa kuwa mbunge hanijui, tulizungumza mara moja tu, siku ya mkutano, aliniuliza choo kiko wapi.

Rubeni Matiko,
Nyamwaga, Tarime

Bi Sabaha anajibu:

Rubeni, barua za walevi na za wenye wake watatu nazijibu huku nakula. Yako niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Mjane amebomoa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa alimwamini ndugu yake.

Najua ni raha kusikilizwa, hasa kwa mtu ambaye hasikilizwi sana. Lakini wewe ulitafuta kila mtu anapoumia, ukabonyeza hapo hapo, halafu ukasema ni mazungumzo. Jembe na nyumba ni alama za kutofautisha watu wawili wa chama kimoja. Hakuna aliyeahidi kumrudisha mtu mlimani ila wewe.

Karatasi ya uongo usiiandike, maana wazo hilo najua limeshakupitia. Anza kwa balozi, leo hii, mweleze kisa chote kilivyo na umwombe siku chache za nyongeza. Kesho alfajiri panda mlimani. Mwambie dada yako ulidanganya, na umwambie kabla hajakupakulia, usije ukala chakula chake kwanza. Akikutukana, inamisha kichwa. Akimaliza, nguzo ya kwanza iwe begani kwako kurudi kijijini, na nyasi za kuezekea ukate wewe. Nyangwine na Mzee Maftah nao wanakudai ukweli, utapita kwao ukishaezeka.

Kisha kila mwezi mpeleke mlimani akapalilie kaburi la mumewe. Hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo, na halikuhitaji kura.

Dada yako akikuuliza mbunge alikuambia nini, mwambie neno kwa neno.