Mto wa nishani na koti la mgeni

Alhamisi, Ganshoren. Mvua ndogo, ile isiyokata shauri kama inyeshe au iache.

Leo nimemwona mume wangu. Yuko kaburini, najua, mimi ndiye niliyemzika. Lakini leo nimemwona, tena kijana.

Bon, nianze vizuri, wengine hamnijui. Mimi ndiye wanayemwita Maman Coussin pale Galerie d'Ixelles, kwenye saluni za kusuka. Coussin ni mto, ule wa kulalia au wa kuwekea kitu cha heshima. Jina hilo nimerithi kwa marehemu Déo wangu. Shule mimi sikuiona. Herufi hizi alinifundisha yeye, kwenye meza hii hii, kwa ukali, huku akimaliza karanga zangu. Mkiona makosa, mlalamikieni yeye.

Déo alifanya kazi vestiaire, chumba cha kupokelea makoti ya wageni, katika jumba moja la karamu za wakubwa hapa Bruseli. Na alikuwa na hadithi moja. Kila harusi, kila matanga, kila ubatizo, ni hiyo hiyo. Kwamba siku moja alikuja mkubwa wa wakomunisti kutoka nchi ya mbali (jina lake sijawahi kulitamka sawasawa, naliacha), na Mfalme akataka kumvika nishani. Afisa wa kubeba mto wa nishani akashikwa na tumbo. Wakatafuta haraka mtu mrefu mwenye glavu safi. Wakampata Déo.

"Nishani ya jeshi!" alikuwa akimalizia, amesimama, mikono mbele kama amebeba mtoto mchanga. "Yenye panga mbili zimepishana! Mimi, mutoto wa Walungu, niliibeba!"

Watu walicheka hadi machozi. Wakambatiza Papa Coussin. Mimi nilicheka nao, lakini ndani niliamini.

Sasa, wiki iliyopita akanipigia simu padri mmoja mzee wa Berchem, Mbelgiji aliyemalizia ujana wake kwetu Kivu. Anaandika kitabu juu ya nishani ambazo wafalme waliwapa wageni. Kumbe juu ya huyo mkomunisti wataalamu wanagombana hadi leo. Wengine wanasema alipewa ya jeshi, yenye panga. Wengine wanasema haiwezekani, Mfalme hawezi kumpa mkomunisti heshima ya askari wake, alipewa ile ya kawaida isiyo na panga. Waliokuwepo wamekufa. Ndipo padri akasikia habari za Papa Coussin kule Matonge, mtaa wetu Wakongomani hapa Bruseli.

Donc leo nikapika. Sombe, samaki, fufu ya kutosha jeshi zima. Nilitaka Déo aingie kitabuni. Tangu nimzike sijataka kitu kama nilivyotaka hicho. Wale waliomcheka wasome jina lake.

Padri alikula vizuri. Kiswahili chake bado ni kile chetu, ila anakitafuna kama mkate mgumu.

"Maman, Papa Déo alisemaka kweli aliona panga?"

"Aliona na alibeba, mon père. Kula."

"Kuko filme," akasema. "Ya zamani, haina sauti. Tuangalie pamoja?"

Akasimamisha kompyuta yake katikati ya sahani. Mfalme huyu hapa. Mgeni huyu hapa, amejaa ndani ya suti. Mto unaingia. Anayeubeba ni afisa mzungu, mzima kabisa, tumbo lake halina shida yoyote. Nishani yenyewe ni doa jeupe tu. Panga ziwepo, zisiwepo, hata mwenye macho ya kijana asingejua.

Padri akakohoa kwa adabu. "Pengine ilikuwaka siku ingine, Maman."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo.

Halafu filamu ikaenda mlangoni. Mgeni anatoka. Pembeni kuna mtu mweusi, mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza sufuria. Amelaza koti zito juu ya mikono yote miwili, mbele yake, kama amebeba mtoto mchanga.

Padri hakumjua Déo wa ujana. Mle ndani nilikuwa najua mimi peke yangu. Ningenyamaza, mto ungebaki wake.

"Rudisha," nikasema. "Hapo. Huyu ndiye mume wangu. Hakubeba mto. Alibeba koti."

"Maman, uko sûre?"

"Mon père, nimelala naye maisha yangu yote, unaniuliza kama ninamjua?"

Akawa mwekundu hadi masikio. Akaweka kalamu chini taratibu. "Kama ni hivyo, sitaweza kumuweka kama shahidi wa panga."

"Najua."

"Pole, Maman."

"Pole ya nini? Rudisha tena."

Tulimtazama mpaka fufu ikapoa.

Nakumbuka nilivyofika kutoka Bukavu, Januari, na sweta moja. Déo alinisubiri uwanja wa ndege na koti la kijani la mtumba, vifungo vikubwa kama biskuti. Mimi nikalichukua nikajifunga kama kitenge. Alicheka! Akaja nyuma yangu, akalishika mabegani, akalifungua. "Ingiza mukono. Sasa wa pili." Halafu akalinyanyua kidogo likae shingoni.

Tangu siku hiyo hakuniacha nivae koti peke yangu. Mlangoni kwa kanisa, sokoni, kituo cha basi watu wakiwa wamejaa. Nilikuwa nikimwambia, wacha, watu wanaangalia. "Waangalie," anasema, "wajifunze."

Kwa nini basi alidanganya? Nadhani najua. Kushika koti la mkubwa ni utumishi, kushika mto ni heshima. Angewaambiaje ndugu zake kule kijijini Walungu kwamba amevuka dunia kwenda kushika makoti? Akajipandisha daraja moja tu, maskini.

Mjinga wangu. Mimi sikukupendea mto.

Padri alipoaga, akasimama akitazama koti lake ukutani, kisha mimi.

"Jivalie mwenyewe, mon père. Vestiaire imefungwa."

Alicheka mpaka akashika mlango.

Jumapili nitawaambia pale Galerie, kwa sauti, wanaosuka na wanaosukwa. Watacheka. Wacheke. Wakitaka kuniita Maman Koti, nitaitika.

Langu la kijani lilishachakaa, nina lingine sasa. Nalivaa mwenyewe. Mkono wa kwanza unaingia vizuri. Ni ule wa pili, hadi leo, unaopapasa nyuma ukitafuta tundu.