Kitanda Chetu cha Mzungu wa Nne

Shoga yangu Mwanaidi,

Jana alasiri mwanao alinipigia simu kutoka chuoni, na tangu hapo sijatulia. Leo darasani nimempa mtoto mmoja alama za mwenzake, wakacheka wote wawili. Nikaona bora nikae nikuandikie, maana habari yenyewe ni yako kabla haijawa yangu.

Lakini nianzie mbali kidogo, unanijua sijui kufupisha.

Unakumbuka siku uliyoniona? Nilikuwa nimekalia begi langu nje ya bweni la wasichana, jina langu halimo kwenye orodha ya vyumba, na chuo kile kilivyo kikubwa sikujua hata nimlilie nani. Watu wanapita na vitabu vyao, ngedere wanashuka mitini kunyang'anya chapati za watu, na mimi nimekaa tu. Begi lilikuwa limekatika zipu, baba akalifunga kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe shambani. Ulipita, ukarudi, ukaitazama ile kamba.

"Kamba hii ya kwetu," ukasema. "Watoka wapi?"

Nikakwambia Pongwe, kambi ya mkonge. Ukasema wewe wa Makorora, na Pongwe na Makorora si pua na mdomo? Ukaliinua begi langu bila kuniuliza lolote zaidi. Hivyo ndivyo nilivyobebwa, kama tulivyokuwa tukisema pale chuoni: mwenye kitanda humbeba asiye nacho, wakalala wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na wadeni, msimamizi wa bweni, asijue.

Tukalala mzungu wa nne, kichwa chako huku, changu kule. Sasa mimi nimelelewa na bibi Msambaa ambaye kumwelekezea mtu miguu usoni kwake ni tusi. Nikaikunja mpaka magoti yakagusa kidevu, na kesho yake nikasinzia kwenye mhadhara hadi kalamu ikaanguka. Jioni ukanisema. "Leta miguu yako huku, usione haya. Ukiikunja wewe, na mimi silali."

Nikaileta. Hakuna aliyewahi kunipa ruhusa kubwa kama ile, Mwanaidi, si ya shule wala ya kanisa.

Ulinitania kwamba Wasambaa tunaota mbatata hata usingizini, nami nikakujibu kuwa Wadigo mnaongea hata mkiwa mmelala, na ilikuwa kweli, uliongea. Mwezi wa Ramadhani nilikusongea bada, ule ugali wa muhogo wa kwenu, kwa unga aliotuma mama yako, nikakaanga na ng'onda kwenye jiko la umeme lisiloruhusiwa. Samaki yule mkavu akanukia korido nzima. Binti wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna kitu kimekufa. Ukamkaribisha, ukamkatia tonge, na tangu siku hiyo akawa anafuturu nasi kila jioni, naye ni Mkatoliki wa Bukoba. Mchana tulikaa kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti, wewe na mwani wako wa utafiti umeuanika kwenye gazeti, mimi nimeziba pua kwa kitabu cha biolojia. Nilikuwa na furaha sana. Sidhani niliwahi kukwambia.

Kisha ile asubuhi ya ukaguzi. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimejificha bafuni na ndoo yangu kama kawaida, na kitanda umekitandika vizuri. Tukasahau miswaki. Miwili, kwenye kikombe kimoja, dirishani. Wadeni akaitazama, akakwambia mgeni aondoke leo au chumba ukipoteze. Hakuwa mtu mbaya yule mama, sheria ndiyo iliyokuwa hivyo. Nami nikatoka bafuni na ndoo, tayari kwenda kukusanya vitu vyangu, nikakuta wewe unakunja godoro.

"Basi na mimi naondoka," ulimwambia, kwa adabu kabisa, na shikamoo juu.

Tukalibeba lile godoro mtaani, wewe mbele mimi nyuma, tukiulizia chumba nyumba hadi nyumba. Nilikulaumu njia nzima. Nilikwambia huna akili, kitanda cha chuo watu wanakililia na wewe unakiacha kwa ajili ya mtu uliyemwokota na begi bovu. Ulikuwa unaimba.

Ulipofariki, mwanao Zuhura alikuwa kidato cha pili. Wanaume walikupeleka makaburini, nasi wanawake tukabaki Makorora na mama yako, kanga zimetufunika vichwa. Nilimshika mkono mama, naye akawa ananipapasa vidole kimoja kimoja. Sikukuaga. Ndiyo maana mpaka leo nazungumza na wewe jikoni, mume wangu kashazoea.

Mwanao kafaulu, shoga. Kachaguliwa chuo kilekile, kemia. Nilishangilia mpaka jirani zangu hapa Nguvumali wakaja kuuliza kuna nini. Lakini kitanda hakupata, na mama yako akakataa katakata. Akasema mjukuu wake hendi popote. Zuhura mwenyewe akainamisha kichwa akasema hataki tena, anabaki kumwangalia bibi. Nilimtazama nikajua anasema uongo, maana anasema uongo kama wewe, huku akivuta ndewe ya sikio.

Jumapili moja nilipotoka kanisani nikapitiliza Makorora. Nikamwamkia mama, akaniitikia marahaba, akanikaribisha chai na vitumbua, akazungumza habari za mvua, za bei ya nazi, za kila kitu isipokuwa kile kilichonileta. Mwishowe nikakitaja mimi. Nikamwambia nina mwanafunzi wangu wa zamani, Neema, yuko mwaka wa pili pale pale, ana kitanda, na yuko tayari kumbeba Zuhura mpaka apate chake.

"Mjukuu wangu hendi kuwa mzigo kitandani mwa watu," akasema.

"Mimi nilikwenda, mama. Nililala kitandani mwa mwanao."

Akaizungusha chai yake, akanitazama kwa yale macho yenu. Nilijua nikishindwa pale basi mtoto atabaki, na mimi nitakuja kukutazama vipi?

"Hakunambia hata siku moja kwamba wewe mzigo," akasema mama yako. Kisha akamwita Zuhura, akamtuma akachukue unga wa bada, apime na wa yule mwenyeji wake.

Akaenda. Amelala kwa Neema muhula mzima, na sapu, ile mitihani ya kurudia, hana hata moja, masomo yote kapita kwa mara ya kwanza, jambo ambalo mimi na wewe tusilisemee sana. Mama yako hajambo. Mimi na wanangu tunapokezana kulala kwake, na ananilalamikia kwamba nakoroma.

Sasa hiyo simu ya jana. Zuhura kapata kitanda chake mwenyewe. Nikampongeza, nikamwambia sasa ajinyooshe apumzike. Akaniambia, "Mama mdogo, sitajinyoosha sana. Kuna msichana katoka Kasulu, nimemkuta kakaa nje ya bweni na mabegi yake. Niko naye hapa."

Nikataka kumwonya. Nikafungua mdomo nimwambie habari za wadeni na miswaki. Lakini alikuwa ameshaigeuza simu, anaongea na yule mwenzake kwa sauti ya chini, wanapima kitanda, nani aweke kichwa wapi. Yule msichana akasema kitu sikukisikia. Na Zuhura akamjibu:

"Leta miguu yako huku, usione haya."

Sijui ulimwambia lini. Sikumuuliza. Nilisema tu aweke miswaki sandukuni, nikakata simu, nikalia pale pale ofisini kwa walimu mbele ya mwalimu wa hesabu.

Nakuacha sasa, ndugu yangu. Lala salama, na uinyooshe miguu. Wetu wanalala wawili, nasi tunawaangalia.

Mbebwa wako,
Msambaa wa Pongwe