Twyla Atasimamia Tu

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi. Zile programu zetu mbili za kuwasomesha wanafunzi wa sekondari masomo ya chuo hapa hapa shuleni wameziunganisha ziwe moja, na sasa anayefundisha lazima awe na shahada ya pili.

Twyla wetu! Miaka kumi na tisa anafundisha historia! Mkuu wa shule kamwambia mbele yetu sote: "Huna shahada ya pili. Mhadhiri wa chuo atafundisha kwenye skrini. Wewe utasimamia tu."

Utasimamia tu!!

Twyla akauliza taratibu, "Na mtoto asipoelewa, naruhusiwa kumweleza?"

"Atamwandikia mhadhiri barua pepe."

Hakulia, shoga. Alisema tu, "Haya."

Baadaye nikamkuta darasani anabandua ramani zake ukutani. Nikashika upande wa pili, tukazikunja.