Kidole cha Pili

Mwanangu Zakariye,

Sisi hapa Garissa ni wazima, alhamdulillahi. Majirani bado wanasema habari zako: mpiga picha wa filamu, tena aliyelelewa na mimi!

Ila kuna jambo linanikera. Uliniambia unalipwa elfu kumi kwa siku, nami nikamshuku Deeq, anayekutafutia kazi, kwamba anakula katikati. Ndiyo maana mlipokuja kunywa chai nilimshika yule bosi wenu Mzungu mkono chini ya shali, kama alivyotuona asubuhi ile sokoni tukipatana bei ya mbuzi kwa kushikana vidole, wengine wasijue. Nikasema, "Zakariye, siku moja," nikamshika kidole kimoja, yaani elfu kumi. Akacheka, akatikisa kichwa, akanishika viwili.

Nikamkazia Deeq macho. Wallahi, aliendelea kunywa chai yake. Wewe ndiye uliyemwaga kikombe.

Pesa yako siitaki, hooyo, mwanangu. Mbuzi wangu wananitosha. Lakini kama hiyo elfu kumi nyingine inakwenda kwa msichana, mlete nyumbani. Nitamshika mkono chini ya shali, nimuulize mwenyewe.

Mama yako anayekuombea dua na kukuchunguza,
Mulki