Siku Ulipolala Kwanza Kwenye Kitanda cha Picha

Mama mkwe wangu mpendwa,

Jumatatu nakwenda kupigwa tena picha ya tumbo, ile altrasaundi, pale pale Kitale. Mimba ina miezi minne. Nimeona nikuandikie, ingawa tulikuzika Kamukuywa mwaka jana, maana habari za mashine ile siwezi kuzizungumza bila kukutaja.

Unakumbuka ulivyokuja mbio? Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi saba, nikaona damu kidogo, na muuguzi akaniagiza nipigwe picha. Mwanao akakupigia kwa simu ya jirani. Kesho yake asubuhi ulikuwa mlangoni petu na kuku mkononi, na hata chai uliikataa.

"Hiyo mashine itachoma mtoto," ulisema. "Mimi nimefagia hosipitali Bungoma miaka mingi. Mulango ya picha naijua. Imeandikwa ati mwenye mimba asiingie."

Na kweli ilikuwa imeandikwa. Hukuwa unabahatisha, na ndiyo maana ulinitia hofu. Nusura nivue viatu nibaki nyumbani.

Tulikwenda, wewe ukinung'unika njia nzima. Kufika, ukamhoji yule dada wa mashine kama wakili. Akakueleza bila haraka kwamba mlango uliokuwa ukiufagia ni wa eksirei, inayotumia miale, na miale hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mashine yake yeye inatumia sauti tu, sauti ambayo sikio halisikii. Inamgonga mtoto, inarudi, na mashine inaigeuza picha. Haijaonekana kudhuru mtoto, mradi anayepiga awe amesomea na pawe na sababu.

"Kama ni sauti na siisikii, nitajuaje?" Ukaanza kuvua viatu. "Si uanze na mimi?"

Niliona aibu, mama. Wanawake kwenye benchi walikuwa wakicheka kwa ndani. Ulipanda, ukainua blauzi, ukapakwa ile jeli. "Baridi hivi, bana!" Kisha ukashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, macho umefumba. Ulipoinuka ulijipapasa tumbo lote, ukangoja kidogo, ndipo ukaniambia, "Haya, mwanangu. Panda."

Picha ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Daktari akanikataza kabisa kuzalia nyumbani. Ningevuja damu mpaka tufe wote wawili. Nikajifungua kwa upasuaji. Mjukuu wako sasa yuko darasa la kwanza, na mwalimu analalamika kwamba anabishana sana. Najua tabia hiyo kaitoa wapi.

Miaka yote hii nimeisimulia siku ile kama kichekesho. Nikifika pale uliposhika kitanda, watu hawana mbavu. Wiki hii, nikijiandaa kurudi kule, ndipo nimefikiri vizuri. Maelezo ya yule dada hayakuwa yamekuingia. Ulipopanda kitandani ulikuwa ungali unaamini mashine inachoma. Ukalala wewe kwanza.

Sikukushukuru. Nilikuambia tu ujifute jeli twende. Nisamehe, na asante.

Jumatatu siiogopi mashine, mama. Ila safari hii hakutakuwa na mtu wa kupanda kabla yangu.

Mkaza mwanao,
Kitale