Mwezi Niliongoja kwa Adabu

Furaha, mujukuu wangu,

Mama yako anakusalimia, tuko wazima hapa Himbi. Lakini tangu nisome barua yako toka Kinshasa, situlii kitini. Unauliza kama ungoje hasira ipoe kabla ya kushitaki wale waliokunyima kazi sababu ya kabila.

Mimi pia walininyima kazi ya jikoni, sababu ya lugha ya mama yangu. Kwenye biro ya mashitaka wakanipa karatasi: «Délai, mwezi moja.» Nikafikiri ni kusema ningoje mwezi moja. Nikangoja kwa adabu, nikarudi na kitenge kipya.

Karani akasoma karatasi. «Mama, huo mwezi ulikuwa wa kuleta mashitaka. Uliisha jana.»

Kitenge kile sikukivaa tena. Usinijibu kwanza, Furaha. Nenda.

Koko wako